Kabla Hamjanunua Mipira

Juzi kijana mmoja aliniletea bajeti ya mradi wanaotaka kuuanzisha Kisauni, niipitie kabla haijaenda kwa mfadhili. Ni mradi wa jioni, wa wanafunzi wa gredi ya sita hadi ya tisa, kuanzia saa kumi wakitoka shule mpaka karibu na magharibi. Michezo, msaada wa masomo, na afya ya akili. Mipira kumi na miwili. Fulana themanini zenye nembo. Spika moja kubwa, bango, vitafunio, viti vya kukodi. Chini kabisa, volantia sita na posho zao za mwezi.

Nikatafuta mstari wa mtu atakayekaa na hao volantia sita. Haupo.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hawa wakisikia jambo zito kutoka kwa mtoto, watalipeleka kwa nani?"

Akanijibu kwa adabu zote, "Kwako, mama."

Nilicheka, lakini si kwa furaha. Mimi niko Likoni, yeye Kisauni, na katikati pana kisiwa kizima cha Mombasa na feri.

Kazi ya ustawi wa jamii nimeifanya miaka kumi na minane, na saba ya mwisho nimesimamia mradi kama huo wake. Kwa hivyo haya nayasema nikiwa na makosa yangu mkononi. Mradi wa vijana unaosema unashughulikia afya ya akili, na hauna mtu wa kuwashughulikia wanaowasikiliza hao vijana, ni uwanja wa mpira tu. Uwanja wa mpira si kitu kibaya, ila tusiuite jina lisilo lake.

Saa zile mbili za jioni kila mtu wa Mombasa azijua. Mtoto wa madrasa ana pa kwenda, na namshukuru Mungu kwa madrasa. Lakini wako wengi ambao mama yuko zamu ya hoteli Nyali au Diani, baba yuko bandarini au hayuko kabisa, na nyumba imefungwa. Hao huenda maskani, na maskani kuna wakubwa wao, na wakubwa wana muguka mashavuni, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka katika kaunti, na hazikupita siku nyingi Mahakama Kuu ya Embu, kunakolimwa muguka, ikaisimamisha amri ile. Mabishano yalikuwa makubwa, ya wakulima na ya wazazi, na kila upande ulikuwa na lake. Mimi nilichokiona ni kwamba wiki ile ya marufuku na wiki iliyofuata, wavulana walikuwa maskani vilevile, saa zilezile. Hakuna aliyepiga marufuku upweke wa saa kumi.

Na si vijana wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2021 kwa vijana wa miaka 10 hadi 17 ulikuta zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamepatwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Chukua fulana zile themanini ukazigawe, uone zinawafikia wangapi wa namna hiyo. Hawatakuja kwako kukwambia "nina sonona." Mtoto wa huku atakwambia "roho yanibana," au "kichwa kimechoka," au hatakwambia chochote, atampiga mwenziwe teke wakati mpira uko mbali.

Sasa nieleze kosa langu.

Nilikuwa na binti mmoja wa kujitolea, nimwite Zuhura, ingawa si jina lake. Miaka ishirini na miwili, ana diploma, mcheshi, watoto walimganda kama kupe. Siku moja msichana wa miaka kumi na minne alimvuta kando akamwambia amechoka kuishi. Kabla ya kusema, alimwapisha: usimwambie mtu. Zuhura akaapa. Akaapa kwa sababu mimi mwenyewe, siku ya mafunzo, nilisimama mbele yao nikasema siri ni amana, nikanyamaza hapo. Sikuongeza neno.

Aliibeba amana ile wiki tatu. Usiku akiamka kuangalia simu kama mtoto ameandika. Mchana akija uwanjani anahesabu vichwa kwanza, yupo, yupo, ndipo anapumua. Mimi sikuona kitu. Niliona rejista imejaa, niliona picha nzuri za kupeleka kwa mfadhili. Kisha Zuhura akaacha kuja. Nikimpigia simu, naambiwa mteja hapatikani. Nikasema moyoni, hawa vijana wa siku hizi, amepata kazi mahali, hata kuaga hajui. Nikalikata jina lake kwenye orodha ya posho. Hilo nililifanya kwa mkono wangu, na kalamu naikumbuka.

Wiki moja baadaye nilimkuta kwa nyanya yake Mtongwe. Amekonda. Nyanya alikuwa akimnywesha kombe, maji yaliyooshea aya za Qurani zilizoandikwa kwenye sahani, akisema mjukuu wake ametupiwa kijicho kwa sababu amesoma. Wenzangu wa mijini hupenda kucheka mambo haya, mimi sicheki. Yule sheikh aliyeandika kombe ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia nyanya, "Mwacheni mtoto azungumze, ana jambo." Mimi mwenye cheti ukutani sikuwa nimeuliza. Tukakaa barazani, Zuhura akalia, kisha akasema yote kwa mkupuo mmoja.

Yule msichana tulimfikia. Mama yake alikuja, daktari alimwona, na leo yuko hai na anaendelea na masomo. Lakini mama yule, swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Polisi watamkamata?" Na hakuwa mjinga. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai yetu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia ngapi zilificha watoto wao ndani kwa ajili ya kifungu hicho, Mungu ajua. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Bado nakutana na wazazi, na hata walimu, ambao habari hiyo haijawafikia. Wewe unayeongoza mradi wa vijana, hilo ni la kuwatangazia wazazi kwenye mkutano wa kwanza, hata kabla ya ratiba ya mechi.

Tangu hapo tulibadilisha maneno. Volantia wetu hawaapi tena. Mtoto akitaka kusema jambo, kwanza huambiwa: "Utakayoniambia nitayatunza, ila ukiniambia wewe au mwenzio yuko hatarini, sitayabeba peke yangu, tutatafuta mtu mzima wa kutusaidia." Nilidhani watanyamaza wote. Hawakunyamaza. Nafikiri mtoto anapokwambia jambo kubwa, ndani yake anataka libebwe na mtu mwenye nguvu kuliko yeye, na anayeapa kulificha anamwonyesha tu kwamba naye ni mtoto mwenziwe. Namba 116 ya watoto, isiyolipishwa, tumeiandika kwa rangi ukutani karibu na mfereji wa maji, maana hapo ndipo kila mtu husimama.

Na tulianzisha Ijumaa. Siku hiyo watoto huwa wachache. Wakishatawanyika tunatandika mkeka, chupa ya chai ya tangawizi, mahamri yakiwepo, na kila volantia anajibu swali moja: wiki hii ni kipi kilichokufuata nyumbani? Si ripoti. Hakuna anayeandika. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, chai kunywa.

Wiki za mwanzo walinyamaza sana. Kisha Ijumaa moja kijana mmoja, mkufunzi wetu wa mpira, akalalamika. Kuna mvulana wa gredi ya saba anamchosha: kila baada ya muda kidogo, "Maalim, saa ngapi?" Mara saba, mara nane kwa jioni moja. Kama mchezo haumpendezi si aende kwao? Alikuwa ameshamkaripia mbele ya wenzake. Binti aliyekaa upande wa pili wa mkeka akaweka kikombe chini. "Huyo mwajua? Tuko mtaa mmoja. Mamake hutoka saa kumi na mbili kwenda kazini, hufua mashuka hotelini usiku. Yeye ndiye hukaa na wale pacha."

Tukatazamana. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, kila jioni, alikuwa akicheza huku amelishika lindo la usiku kichwani. Hakuhitaji mtaalamu wa saikolojia. Mkufunzi alimtafuta Jumatatu, akamwomba radhi, akamvulia saa yake ya mkononi akampa avae kila akiingia uwanjani. Mama naye tulizungumza naye, na sasa siku nyingine huja na wale pacha, ambao huingia golini katikati ya mechi na kuharibu kila kitu. Jambo lile lisingejulikana kwenye fomu yoyote. Lilijulikana kwa sababu watu wawili walikaa mkeka mmoja wakiwa hawana haraka.

Wanaonipinga huniambia: wewe wataka wataalamu, na wataalamu hawapo, na wakiwapo ni ghali. Sitaki hivyo. Naamini sana watu wasio wataalamu. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya wakae kwenye benchi wasikilize watu wenye mawazo mazito, na kazi yao imepimwa kwa utafiti na kuonekana yafaa. Hapa kwetu Kenya, shirika la Shamiri liliwatumia vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wakaongoza vikao vinne vya vikundi vya wanafunzi. Utafiti wao uliochapishwa 2021 ulihusisha vijana 413, na dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokuwa kwenye vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Watu husoma habari hizi wakaondoka na nusu yake: "Kumbe vijana wenyewe wanaweza!" Wanaweza. Lakini nyuma ya kijana yule kuna msimamizi, na nyuma ya msimamizi kuna mtaalamu wa kupelekewa yaliyozidi kimo. Nyanya wa Zimbabwe nao hawakuachwa peke yao kwenye benchi. Sisi tunanakili benchi, tunaacha kilicho nyuma yake.

Na viongozi wetu huchaguliwaje? Kwa Kiingereza cha ripoti na kwa kujua kuzungumza kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi. Nimeketi kwenye kumbi hizo, chakula ni kizuri, sikatai. Ila kiongozi wa kazi hii mimi ningempima kwa swali dogo: taja volantia wako mmoja, uniambie wiki hii amelalaje. Akishindwa, asome tena.

Mimi mwenyewe kila mwezi nakwenda kwa mshauri nasaha mstaafu, mama mmoja mkali wa Tudor, nakaa naye saa mbili. Mara nyingine nalia, mara nyingine tunazozana. Gharama yake kwa mwaka mzima haifiki bei ya zile fulana themanini, nimepiga hesabu.

Ile bajeti ya Kisauni niliirudisha na mstari mwekundu juu ya fulana na spika, na juu yake nikaandika: msimamizi, saa nne kwa wiki, na mkeka. Jana kijana akanipigia. Amefurahi, ila ana wasiwasi kwamba mfadhili hatakubali kulipia watu wakae chini wanywe chai. Je, wanaweza kukiita kikao kile "mafunzo"?

Nikamwambia akiite atakavyo, bora tangawizi isikosekane.