Subira ya Deakins na shuka la Sinza

Kijana wa kamera hapa Dar akidai hela yake, usishangae akiambiwa habari za Roger Deakins, mpiga picha wa filamu. Mwingereza huyo aliteuliwa kuwania Oscar ya upigaji picha mara 13 na zote akaambulia patupu. Ya 14 ndiyo aliyoipata, mwaka 2018, kwa filamu ya Blade Runner 2049; 2020 akaongeza nyingine kwa filamu iitwayo 1917. Kisha anayedaiwa humalizia: "Vumilia mdogo wangu, na wewe utatoka."

Kuna ukweli ndani yake. Jicho halinunuliwi dukani. Nimemwona kijana Sinza, saa saba mchana, jua la utosini, amening'iniza shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia nguo ili mwanga umrudie usoni dada aliyekaa kivulini. Deakins naye hupiga taa kwenye kitambaa cheupe, na hupanga balbu za kawaida kwa duara. Kazi ni ileile.

Hata harusi, ambazo wajuzi wengi wanadai zinaua kipaji, mimi sizidharau. Bibi harusi akilia haombwi kurudia. Deakins mwenyewe alianzia kwenye filamu za maisha halisi. Aliwahi kukaa baharini miezi tisa akirekodi mashindano ya jahazi za kuzunguka dunia.

Ila wanaomtaja hurukia kwenye tuzo. Alipokataliwa chuo cha filamu mara ya kwanza, kituo kimoja cha sanaa kilimwajiri apige picha za maisha ya vijijini Devon, Uingereza, akaomba tena mwaka uliofuata. Tangu filamu ya Barton Fink ya 1991, ndugu wawili wa Coen, waongozaji wa filamu, walimwita kazini mara kwa mara. Mwaka 2008 alikosa Oscar na filamu mbili kwa mpigo, na bado alikuwa na kazi. Alichosubiri ni sanamu ya Oscar. Mshahara hakuusubiri.

Kijana wetu ndiye wa kamera, ndiye wa taa, usiku ndiye mhariri, na malipo ni "tukishauza filamu". Hapo mimi nipo upande wa wanaosema bora akapige harusi: kule angalau advansi hutoka kabla ya ukumbi kupambwa.

Yule wa Sinza alipomaliza alianua shuka lake na kulikung'uta vumbi. Usiku lilikuwa linarudi kitandani. Advansi alikuwa bado hajaiona.