Kumpima kwa kidole mgonjwa wa mshtuko wa moyo: hofu na gharama yake

Madaktari wengi walifundishwa kwamba mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo asipimwe kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, kipimo kinachoonyesha kama choo kina damu, kwa kuwa kipimo hicho huweza kuamsha neva ya vagasi, ile inayopunguza kasi ya moyo, mapigo yakapungua ghafla na moyo uliokwisha kuumia ukashindwa. Hofu hiyo ina msingi katika maumbile ya mwili. Lakini watafiti Earnest na Fletcher walipolichunguza jambo hilo mwaka 1969, kwa wagonjwa wenye mshtuko mpya, hatari iliyotajwa haikuonekana. Katazo limebaki hata hivyo, nami naona gharama yake haijahesabiwa.

Tuchukue mzee wa Kadutu, hapa Bukavu, anayefika hospitali akishika chembe cha moyo. Kwetu maumivu hayo huitwa gastriti, yaani uvimbe wa ukuta wa tumbo, kabla ya kipimo chochote, ingawa mshtuko unaoshika upande wa chini wa moyo huweza kuuma mahali hapohapo. Akisema ana vidonda vya tumbo, daktari husita kumpa aspirini, kwa kuwa huweza kuvujisha damu tumboni. Katika utafiti wa ISIS-2, uliochapishwa mwaka 1988 kuhusu wagonjwa 17,187, aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa 23% ndani ya wiki 5, na ilipotolewa pamoja na streptokinezi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, vilipungua kwa 42%. Aspirini ni kidonge cha bei ndogo, kinachofika hata pale ambapo hakuna chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo. Kumnyima mtu kidonge hicho kwa neno gastriti tu, na choo chake hakuna aliyekitazama, ni kumweka karibu zaidi na kifo huku tukidai kumlinda. Kinyume chake nacho kinatisha: mwenye choo cheusi kama lami, dalili ya damu inayovuja tumboni, asipogunduliwa, huweza kupewa streptokinezi akavuja damu hadi kufa.

Wanaoshikilia katazo wana hoja ninazozikubali. Kidole kisichotoka na damu hakithibitishi kwamba tumboni hakuna kinachovuja. Ambaye presha imeshuka au mapigo yamekuwa ya polepole mno atulizwe kwanza. Na asiye na dalili yoyote ya kutokwa damu, aspirini yake isicheleweshwe kwa ajili ya kipimo hiki. Wengine hutaja heshima ya mzee aliyezungukwa na watoto na wakwe zake. Hilo ni kweli, na ndiyo maana watu watolewe chumbani, pazia livutwe, naye aelezwe na kuombwa ruhusa yeye mwenyewe kabla daktari hajavaa glavu.