Nilikwenda Kuvua, Nikavuliwa

Mlioko kwenye kundi la mtaa mmeshaiona ile video. Jueni tu kwamba swahibu yangu aliyeisambaza alianza kurekodi katikati, na ile sauti inayosema "nyangumi kamvua nguo" ni yake mwenyewe. Hakukuwa na nyangumi. Laiti angekuwepo, ningekuwa na la kujitetea.

Chanzo ni ami yangu, aliyefanya kazi kwenye maboti ya uvuvi wa watalii huko Mtwapa. Aliniachia kopo la vyambo vya bandia, vile visamaki vya mbao na plastiki ambavyo kila kimoja tunakiita rapala hata kama hakijawahi kuonana na kampuni ya Rapala. Kutu tupu. Rangi imebambuka, ndoana zimekatika. Mwenye akili angevitupa. Mimi nilikuwa nimekesha kwenye simu nikiwatazama Wamarekani wakichukua takataka kama hizo, msasa kidogo, rangi kidogo, halafu wananyanyua bass mkubwa kama mtoto mchanga.

(Swahibu akauliza: "Basi gani?" Nikamweleza bass ni samaki wa maji baridi, mdomo kama beseni, aliletwa ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929. Akaniuliza kwani Naivasha na sisi wapi na wapi. Nikamwambia kolekole hakagui pasipoti ya chambo.)

Basi nikaingia kazini. Msasa, kisha rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu mgongoni, ya fedha tumboni. Mkiani manyoya ya jogoo wa jirani. Aliyaangusha mwenyewe, msianze. Kile kiulimi cha plastiki kidevuni ndicho kinachokifanya chambo kizame kikivutwa: kikiwa kirefu kinakwenda chini, kikiwa kifupi kinapita juu juu. Nikakikata nusu ili kicheze juu ya maji. Hapo sina kosa. Kosa ni ndoana. Mmarekani alisema wazi, weka saizi ileile, ukizidisha uzito utakiua mchezo wake. Nikasema, huyo anavua ziwani, atajua nini? Kilikuwa na ndoana mbili za miiba mitatu. Nikatia tatu, kubwa, za nguru. Hesabuni: miiba tisa. Hicho hakikuwa chambo tena, kilikuwa seng'enge yenye macho.

Jumapili alasiri, Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa. Bamvua, yale maji makuu, na yanajaa, na mnaijua Mama Ngina ya Jumapili: watoto, madafu, mihogo, maharusi wanapigwa picha chini ya mibuyu. Mimi niko kwenye mawe na rodi ya kuazima, nimejifunga kikoi, maana mvuvi ni kikoi. Na ndani ya kikoi, kwa kuwa mtaiona tu, nilivaa bukta. Fundi alinishonea kwa leso kuukuu niliyoikuta kwenye kapu nyumbani. Leso ina jina, na jina lilikuwa "Mwenye macho haambiwi tazama." Fundi wangu, Mungu amlipe anavyostahili, alipounganisha vitambaa, neno "haambiwi" likamezwa na mshono wa makalioni.

Someni sasa kilichobaki.

Nikapeleka rodi nyuma. Nikahisi kitu kama mkono wa mtoto kikinivuta pindo. Nikadhani upepo. Nikarusha kwa nguvu zangu zote, vile nilivyofundishwa na simu. Fundo la kikoi likasema "fyu". Nikaona chambo kinapaa, manyoya ya jogoo yanapepea, na nyuma yake kinafuata kitambaa cha buluu chenye mistari, kimejaa upepo kama tanga la dau. Nakumbuka nilikisifu. Wallahi nilisema moyoni, kikoi kizuri kile, cha nani? Halafu nikahisi baridi ya mapaja.

Kikatua majini taratibu, kikalowa, kikaanza kwenda. Hapa ndipo ningeiachia rodi nikakimbia. Lakini rodi si yangu, na kikoi ni cha ami. Nikaanza kuzungusha rili. Yakhe, kitambaa kilicholowa ndani ya mkondo wa bamvua kinavuta kuliko nguru! Rodi ikapinda nusu duara. Mtoto mmoja huko juu akapiga kelele: "Kashika! Kashika kubwa!"

Wakaja. Wote. Waliokuwa na dafu wakaja na dafu. Bwana harusi akaja, mpiga picha wake nyuma. Mimi nimewapa mgongo, nimeinama, napambana, na bukta inawaambia MWENYE MACHO TAZAMA. Wakatii. Kukawa kimya kidogo, kile kimya cha watu wanaosoma. Kisha mzee mmoja akasoma kwa sauti, polepole, kama anayemsomea asiyeona.

Yaliyofuata hayana haja. Mshipi ulikatika, kikoi kikaingia bandari ya Kilindini bila rubani, mama muuza mihogo akanirushia leso yake akisema, "Mwanangu, jisitiri." Leso nilimrudishia Jumatatu, imefuliwa. Yake haikuwa na jina baya.

Nilifika nyumbani nikiwa na hotuba yangu kuhusu upepo. Video ilikuwa imetangulia. Mke wangu aliitazama mara tatu, ya tatu akaisimamisha na kuikuza. Hakuuliza kikoi. Hakuuliza hata rangi ya kucha.

"Baba watoto," akasema, "ile si leso ya mamangu?"

Vyambo viwili vimebaki kwenye kopo, na rangi yake nzuri tu. Anayevitaka aje avichukue bure, ila aje kabla ya Ijumaa. Ijumaa mama mkwe anakuja.