Papai na ndimu badala ya kaimati

Mwandishi wa makala ya ulaji bora niliyoisoma kasema tumalizie mlo kwa matunda badala ya vitu vya sukari, nami namuunga mkono kwa moyo wote. Baba alipoambiwa ana kisukari, mama aliondoa kaimati na visheti mezani. Siku hizi anakata papai lililoiva, anakamulia ndimu, anapasua pasheni mbili juu yake na kunyunyiza iliki. Sukari hatii hata chembe. Baba anapata kibakuli kidogo, na wajukuu wanagombania kilichobaki!

Ila jamani, juisi tusiihesabu kama tunda. Shirika la Afya Duniani linaiweka sukari ya juisi kundi moja na ile tunayotia kwenye chai, na kwa mtu mzima linataka zote zisizidi gramu 50 hivi kwa siku.

Kwenye vyakula vya kilimo hai, yaani vilivyolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, mwandishi huyo amepita haraka mno. Afrika Mashariki tuna alama yetu ya Kilimohai ya kutambulisha mazao hayo tangu 2007, lakini sokoni kwetu sijaiona kwenye fungu hata moja la mchicha. Muuzaji akisema "huu haujapigwa dawa", unamwamini kwa uso tu. Mimi nimeamua kupanda wangu kwenye madumu, kwa samadi ya mbuzi wa jirani.