Gari la vitabu na safari ya pili

Safari ya kwanza ya gari la vitabu haijawahi kumshinda mtu. Mgeni rasmi anakuja, akichelewa saa mbili wanafunzi wanarudia ngonjera ileile huku jua likiwachoma utosini, utepe unakatwa, picha zinapigwa, daftari la wageni linasainiwa, soda zinanywewa. Nimehudhuria uzinduzi wa namna hiyo mara nyingi, kiasi kwamba hotuba naweza kukutolea mimi kabla mwenyewe hajasimama. Hotuba hazinikeri. Kinachonikera ni kwamba wengi wa watoto wanaopigwa picha siku ile wakiwa wameshika kitabu kifuani, gari lile hawalioni tena.

Huu ni mwaka wangu wa sita nikizunguka na vitabu katika vijiji vya Muheza na Pangani, mkoani Tanga. Gari letu ni Hiace kuukuu lililokuwa daladala. Viti tuling'oa, tukafunga shelfu za mbao zilizoinamia nyuma kidogo ili vitabu visimwagike tukipita kwenye makorongo. Mlangoni bado yamebaki maandishi ya ruti yake ya zamani, na mara mojamoja mtu barabarani anatusimamisha akidhani tunapakia. Tuko wanne: dereva, mwalimu mstaafu, binti aliyemaliza kidato cha nne, na mimi. Mshahara hakuna, posho ikipatikana tunagawana. Katika miaka hii nimefikia msimamo mmoja ambao umenigombanisha na watu kadhaa wenye hela: maktaba inayotembea inaanza kuhesabika safari ya pili. Ya kwanza ni sherehe tu.

Mtoto akiazima kitabu anaahidi kukirudisha. Lakini kabla ya ahadi yake kuna yetu, kwamba tutakuwepo siku ya kurudisha. Tusipokuja, akipeleke wapi? Mwanzo atakitunza, atakivalisha jalada la gazeti, atamkataza mdogo wake asikiguse. Wiki zitapita. Mwishowe kitabu kitakuwa mali ya nyumba, na mali ya nyumba ina matumizi mengi. Mimi simlaumu mama aliyefungia karanga.

Hili tulijifunza mwaka wa kwanza. Injini ilikufa, tukakosa kwenda kijiji kimoja karibu miezi miwili. Tuliporudi vitabu 11 havikuonekana, na mmoja wetu, nisimtaje maana anasoma hapa, alitaka kuanzisha faini. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa pale chini ya mwembe akichambua mchicha akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, hebu ngoja. Ni vitabu vilivyopotea au ni nyie?" Faini ilifia palepale.

Wenzetu wa Kenya walilishika jambo hili vizuri. Mwaka 1996 shirika la maktaba za taifa la huko, KNLS, lilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, likianza na ngamia watatu. Kuna anayebeba masanduku ya vitabu, kuna anayebeba hema na mikeka. Baadaye huduma ikafika na Wajir. Picha za ngamia hao zimezunguka dunia nzima, na kwa kweli zinapendeza, ila ukitazama picha peke yake utadhani siri ni ngamia. Siri ni wiki mbili. Kitabu kinaazimwa kwa wiki mbili, zikiisha msafara unarudi na masanduku yaleyale, na aliyemaliza hadithi yake anachagua nyingine. Ngamia alipewa kazi kwa sababu mchanga wa kule unameza magurudumu na yeye hapati pancha. Angekuwepo mnyama mwingine mwenye uhakika zaidi wa kurudi, nadhani angepewa yeye.

Jengo, tukubaliane, lina raha yake. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na tangu siku hiyo haijalazimika kumwahidi mtu kwamba itarudi. Ipo tu. Hata mtu wa Tanga mjini anajua maktaba ya mkoa iko wapi na atakuta imesimama. Mtu wa kijiji cha ndani huko Muheza, ambaye nauli ya kwenda na kurudi Tanga inamla pesa ya mboga ya siku kadhaa, maktaba yake ni siku. Kwetu wengine ni Alhamisi ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Ukiiharibu Alhamisi ni sawa na kubomoa jengo la mwenzako.

Na siku yenyewe haichaguliwi ofisini. Tulianza kwa kwenda shule za msingi tu, asubuhi, tukawapata wanafunzi na kumkosa kila mtu mwingine. Tukahamia siku ya gulio. Wanaume walikuja kutazama, akina mama wakasema, "Dada, mimi sasa hivi nina nyanya kichwani, hicho kitabu nikishike na nini?" Gulioni watu wana haraka. Mwishowe vijiji vinne tuliviwekea mchana, baada ya watu kutoka shamba na kabla ya kuwasha jiko, isipokuwa Ijumaa. Ilituchukua mwaka mzima kuzipata dakika tisini hizo.

Sasa niseme habari ya dereva, maana ndiye anayesahaulika kwenye kila andiko la mradi.

Gari jeupe lisilojulikana likiingia kijijini ukanda wetu, watoto wanakimbia. Wengine wanadhani ni chanjo. Wengine wamesikia kwa bibi zao habari za mumiani, wale wanyonya damu waliosemwa kuzunguka na magari usiku enzi za mkoloni, na hadithi ya bibi haina tarehe ya mwisho wa matumizi. Wiki za kwanza tulikaa chini ya mwembe na vitabu vyetu kama wauza mitumba waliokosea siku. Aliyetuokoa ni dereva. Amekulia huko, anajua nani amefiwa, nani ameoa, mtendaji wa kijiji ni mtoto wa nani. Alikuwa akishuka garini anakwenda kwanza kwenye kibaraza cha wazee, shikamoo moja moja, anakaa, anakula muhogo. Vitabu vilifunguliwa baada ya muhogo.

Nilidhani ni mambo yetu ya pwani mpaka niliposoma habari za Mary Titcomb, mkutubi wa Hagerstown, jimbo la Maryland, Marekani. Mwaka 1905 alianza kupeleka vitabu mashambani kwa gari la kukokotwa na farasi. Gari lilipakwa rangi ya giza, na wakulima wakalidhania gari la maiti, mmoja akamwambia mwendeshaji asisimame hapo, hawana wa kuzikwa. Ikabidi magurudumu yapakwe nyekundu. Mwendeshaji huyo alikuwa Joshua Thomas, mtunza jengo la ile maktaba. Hakuwa amesomea ukutubi, ila njia za mashambani na watu wake alizijua. Mwaka 1910 treni ya mizigo ililigonga gari na kulivunja, na mwaka 1912 huduma ikarudi kwa gari la injini. Nilipofika kwa Joshua Thomas nilimpigia simu dereva wetu nikamsomea. Akauliza, "Huyo alikuwa analipwa?" Swali zuri. Mimi kila nikiandika bajeti, dereva ndiye ninayeambiwa nimpunguze.

Mfadhili anapenda kutoa gari. Gari lina ubavu wa kubandika nembo. Vitabu pia anatoa. Ukimwomba dizeli ya miezi 12, springi, matairi mawili na posho ya mtu wa kushika usukani, anakuandikia kwa upole kwamba hizo ni gharama za uendeshaji na hazimo katika mpango. Nami namjibu kwa upole uleule kwamba maktaba yangu yote ni gharama za uendeshaji. Gari jipya kabisa lisilo na dizeli ni banda la kuku, tena lenye joto. Niliwahi kukataa gari kwa sababu hiyo, na wapo wanaoniona kichaa hadi leo. Ningekataa tena.

Kuhusu vitabu vya msaada nitasema kidogo, maana nina hasira navyo na hasira haiandiki vizuri. Tulipokea katoni kutoka ng'ambo: sheria za kodi za Marekani, mwongozo wa programu ya kompyuta iliyokwisha kufa, na vitabu vya watoto, vizuri kwa karatasi, vya familia inayotengeneza mtu wa theluji. Mtoto mmoja wa Pangani, ambako watu wanavuna chumvi, aliniuliza kama yule ni mtu wa chumvi. Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Vinavyotoka kila safari ni vitabu vyembamba vya Kiswahili. Tunavitafuta popote. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zenye leseni huria. Tunazichapa steshenari, tunazibana pini, tunazipa jalada la kaki. Zikichanika tunachapa nyingine. Mwalimu wetu mstaafu mwanzoni aliona haya kuazimisha kitabu cha pini, sasa ndiye anayezibana. Wanafunzi wa sekondari wanataka vitabu vya kiada na mitihani ya nyuma, wala sioni sababu ya kuwanyima eti maktaba ni ya kusoma kwa raha. Raha itakuja baada ya mtihani. Vijana wa boda wanataka mambo ya injini, na hapo shelfu yetu ni maskini, nakiri.

Halafu kuna wazee, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwingine kote.

Mzee mmoja alikuwa akija kila safari, anapindua kurasa, anarudisha kitabu, anaondoka. Nilidhani hajui kusoma na naona haya kumuuliza. Siku moja binti yetu akampa miwani ya kusomea ya mwalimu mstaafu amshikie. Mzee akaivaa, akaiona karatasi, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, kidole chini ya mstari, mpaka watoto wakanyamaza. Kumbe alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini. Anakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wamezunguka redio, kila kundi na kijitabu chake, kipindi kikiisha mnajadili vyoo na malaria. "Tulisoma sana," aliniambia. "Halafu vijitabu vikaacha kuja. Halafu macho nayo yakaenda."

Nililala nikiifikiria ile "halafu". Kisomo kile kilikuwa kazi kubwa, na sipendi vijana wanaokicheka kwa kukiita ngumbaru. Lakini kijijini kwa mzee huyu ile ilikuwa safari ya kwanza, na ya pili alikuwa anaisubiri tangu wakati huo.

Tukanunua miwani ya kusomea jozi tisa za bei rahisi, za nguvu tofauti. Kila jozi ina kamba na namba ya usajili kama kitabu, na inaazimwa wiki mbili. Mwaka huu miwani ndiyo inayogombewa kuliko chochote garini. Bibi aliyetuuliza nani amepotea ana jozi namba 4, naye amekuwa mkali wa tarehe kutushinda sisi. Anasoma vitabu vya dini na vya mapishi, na amenitaka nimtafutie kimoja cha hadithi za sungura, ila maandishi yawe makubwa, maana namba 4 nayo anaona inamdhulumu.

Nimeandika haya nikiwa gereji. Springi ya nyuma imekatika juzi kwenye utelezi, fundi anasema spea itatoka Dar Jumatatu, na Alhamisi ni kesho. Tumejadiliana usiku. Boda mbili zitabeba katoni nne, dereva moja na mimi nyingine, mwalimu atabaki. Vitabu vya watoto, mitihani, na lile boksi la miwani. Masika yakituwahi pale mtoni tutavua viatu. Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji awaambie watu kwamba gari halipo lakini vitabu vipo. Akasema sawa, kisha akakaa kimya kidogo kwenye simu, akaniuliza kama kuna jozi ya macho ya mtu wa miaka hamsini.