Shingo Zetu Nazo Zipimwe

Kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Kampala amejitokeza mtu anauza "tiba ya barafu": unaingia kwenye pipa la maji baridi, mafuta ya kahawia yanaamka, kitambi kinakwisha. Ushahidi wake ni picha moja ya skani ya PET, kipimo cha hospitali kinachoonyesha sukari inakotumika mwilini: shingo na mabega vimekolea weusi. Dada zangu wameshauliza bei, na mmoja ana presha! Maji ya barafu hubana mishipa na kuipandisha presha ghafla. Nimekasirika sana.

Weusi ule si kitambi kinachoyeyuka. Ni mahali ilipokimbilia sukari yenye mionzi aliyodungwa mtu kabla ya kupimwa. Mafuta ya kahawia kweli huunguza chakula kutoa joto, ndiyo yanayomkinga mtoto mchanga na baridi, na mwaka 2009 tafiti tatu zilionyesha kwamba hata watu wazima wanayo. Katika ule wa Uholanzi, wanaume 24 waliwekwa kwenye nyuzi 16. Kwa 23 mafuta yakaonekana kazini, ingawa kwa wanene yalikuwa hafifu. Wachache waliopimwa tena kwenye nyuzi 22 hawakuonyesha kitu.

Nyuzi 22 jamani! Hiyo ni hali yetu ya kawaida. Mpige picha Mganda mwenye afya siku yoyote tu, huenda shingo itoke tupu, kisha mtu aandike kwamba hatuna mafuta hayo. Na mtu wa Kabale anayeamkia ukungu, mwili wake uko sawa na wa mtu wa Gulu kwenye joto? Swali hili ni letu, na halijibiwi kwa miili ya Wazungu.

Skani ya PET ni ghali, nakubali. Florini-18, ile inayotoa mionzi kwenye sukari yake, hupungua nusu kila dakika 110, haiwekwi stoo. Tena ni mionzi, huwezi kuwapiga picha hiyo watoto wenye afya kwa ajili ya utafiti tu. Lakini ipo kamera ya joto, isiyo na mionzi: mtu anatia mkono kwenye maji baridi, unapima ngozi ya juu ya mtulinga. Kwa mnene mafuta ya chini ya ngozi huficha joto, hilo nalikiri shingo upande.

Makerere, anzeni na hiyo. Wapimeni wa Kabale na wa Gulu, wanene kwa wembamba, na kila picha iandikwe joto la chumba ilimopigwa.