Metamateriali: Mtandao wa Mabondeni au Unyevu wa Mahindi?

Katika Nyanda za Juu Kusini, kilima kimoja kinatosha kuwanyima mtandao wa simu wakazi wa bonde zima. Ndiyo maana baadhi ya wahandisi vijana wa Mbeya na Iringa wanavutiwa na metamateriali, yaani maada za kubuniwa ambazo tabia yake mbele ya mawimbi ya sumakuumeme hutokana na umbo la vipande vyake kuliko kemia yake. Hoja yao ni kwamba bango la maada hiyo, likisimikwa kileleni, litaelekeza mawimbi ya mnara hadi upande wa pili.

Sayansi yenyewe haina shaka. Mwaka 1967 Mrusi Victor Veselago alieleza kinadharia maada inayopinda mwanga kinyume na kawaida. Mwaka 1999 John Pendry wa Uingereza akapendekeza pete ndogo za shaba zilizokatwa upande mmoja, na mwaka uliofuata David Smith na wenzake huko California wakaunda maada ya namna hiyo kwa mawimbi ya mikrowevu. Pete hufanya kazi kama koili (waya uliozungushwa) na mwanya wake kama kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji za umeme), kwa hiyo huitikia kwa nguvu masafa yake tu, yaani idadi fulani ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Gharama ya malighafi si kikwazo: kwa megahezi 900, mojawapo ya masafa ya simu, pete ya takribani sentimita tatu huchongwa kwenye bodi ya kawaida ya saketi.

Hata hivyo, bango la kileleni lina tatizo ambalo shauku haiwezi kulifuta. Urefu wa wimbi la megahezi 900 ni kama sentimita 33, hivyo bango la mita moja lina upana wa mawimbi matatu tu, na nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali kutoka mnarani hadi kileleni, kisha tena kwa mraba wa umbali wa kushuka bondeni. Ili lifae lazima liwe kubwa mno, nalo litapigwa na upepo wa milimani mwaka mzima. Kirudishi mawimbi chenye paneli ya jua, yaani kifaa kinachopokea mawimbi na kuyatuma upya kwa nguvu zaidi, kwa maoni yangu, kitawafaa wanakijiji mapema zaidi.

Isitoshe, pete huitikia ukanda mwembamba wa masafa, ilhali simu hutumia bendi kadhaa. Lakini wembamba huohuo ni sifa njema kwenye kipimo cha unyevu wa mahindi. Maji huongeza uwezo wa kapasita karibu mara 80 kuliko ombwe, wakati punje kavu huuongeza mara chache tu. Kwa hiyo mahindi yenye unyevu yakiwekwa karibu na mwanya wa pete, masafa yake hushuka kwa kiasi kinachopimika. Joto na namna punje zilivyoshindiliwa huvuruga usomaji, na kazi ya kuusahihisha kwa mbegu za huku ni ndefu, isiyo na mvuto wa joho la kumfanya mtu asionekane, ndoto maarufu ya metamateriali. Kama fedha za utafiti ni chache, ningeanzia ghalani, kwa sababu huko kifaa kinahitaji pete moja, na mkulima anahitaji jibu kabla hajafunga gunia.